Bibi wa Darini

Nyumba walizojengewa mabwana huwa na ngazi pana na dari za juu, na hakuna hata mmoja kati ya mabwana hao aliyewahi kupandisha ndoo ya maji kwa mkono wake. Dympna Kinsella alikuwa na muda wa kulifikiria jambo hilo kila siku, kati ya bomba la uani na chumba cha ghorofa ya kwanza. Zamani chumba hicho kilikuwa sebule ya mbunge fulani aliyevaa nywele za bandia. Sasa kilikuwa cha kulala, cha kupikia, cha kufulia na cha kuugulia, cha Dympna na mama yake. Asubuhi alipandisha maji safi, jioni akashusha machafu. Katikati alivuka mto kwenda kupiga deki ofisi za kampuni ya bima, akarudi magoti yakimlia kama bawaba zisizotiwa mafuta. Alikuwa na miaka hamsini na saba, na uchovu wake ulikuwa ule ambao mtu analala nao na kuamka nao.

Mwaka huo wa sitini na saba, Dublin ilikuwa inabomoa nyumba hizo mtaa kwa mtaa. Nyumba yao ilishikiliwa na magogo yaliyoegemezwa ukutani upande wa barabara, na mvua ikinyesha ukuta ulitoa sauti ya mtu anayejigeuza kitandani. Wapangaji wengi walishahama. Waliobaki ni Dympna na mama yake, na Cissie Tallon wa chumba cha chini, ambaye naye alikuwa anafunga mizigo.

Jumatatu alikuja Bwana Prunty wa manispaa. Hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa na mafua na nyumba nyingi za kupitia. Akasimama miguuni pa kitanda cha mama yake Dympna, kofia mkononi.

"Mama Kinsella, huko kwenye maghorofa mapya ya Ballymun maji ya moto yanatoka ukutani. Choo kiko ndani. Kuna na lifti."

"Hiyo lifti ndiyo ninayoisikia," akasema Honor Kinsella. Alikuwa na miaka themanini na moja, macho yamefunikwa na mtoto wa jicho, miguu imegoma, lakini ulimi ulikuwa haujazeeka hata siku moja. "Nasikia jeneza halienei kulala. Wanalisimamisha humo kama ufagio. Mtu anakwenda kwa Mungu wake wima, kama anasubiri basi."

"Lakini wewe hujafa, mama."

"Ndiyo maana bado naweza kukataa."

Bwana Prunty akapenga kamasi. Akaeleza polepole, akimtazama Dympna zaidi ya mama. Nyumba ingepigiliwa mbao Ijumaa mchana. Fleti ilikuwa ya familia, mtu mmoja hapewi. Kama mama angekataa, angebebwa hospitali ya wazee, na binti angetafutiwa kitanda hosteli ya wanawake. Hakuna mtu wa mtaa ule asiyejua hospitali hiyo. Jina jipya ilipewa, lakini kuta zake ni zile zile za nyumba ya maskini, na wazee walioingia humo walitoka kwa mlango wa nyuma.

"Mimi nabaki na Bibi," akasema Honor, akainua kidole kuelekea juu. "Chini yake nitafia, chini yake nitalazwa, na wanaume sita watanishusha kwa ngazi hizo pana nikiwa nimelala vizuri. Mwambie mkubwa wako."

Bibi mwenyewe alikuwa katikati ya dari. Dari ile yote ilikuwa ya nakshi za lipu: vikapu vya matunda, vinanda, ndege, majani yanayojikunja, na pale katikati, juu ya kitanda cha Honor, mwanamke amesimama juu ya mawingu, malaika mdogo kando yake. Ilisadikiwa kuwa ni Bikira Maria. Kila mwezi wa Mei, mwezi wa Bikira Maria, dari ilipakwa chokaa upya kwa heshima yake, na joho lake likapakwa chokaa iliyochanganywa na buluu ya kufulia. Kwa Mei nyingi hivyo, ndege walikuwa wamegeuka viazi vya kuchemsha na vinanda vimegeuka mabonge, na Bibi alikuwa mnene mfano wa mtu aliyevaa makoti yote ya ukoo. Lakini buluu yake ilikuwa safi. Wanawake wa nyumba nzima walikuja kumwomba, wenye mimba, wenye waume walevi, wenye watoto wa kifua kikuu. Baba yake Dympna alilazwa chini yake alipokufa, na kabla yake vitoto viwili vilivyomtangulia.

Tangu alipokuwa msichana, mpakaji wa Mei alikuwa Dympna. Alipanda ngazi ya mbao, ndoo ya chokaa kwenye ndoano, shingo imevunjika kwa kutazama juu, akaimba nyimbo za Maria kwa sauti ili mama yake asikie chini. Mara ya mwisho ilikuwa miezi michache tu iliyopita. Kizunguzungu kilimpata, akashikilia kikapu cha matunda mpaka kikapita.

Jumanne akaja Bwana Lysaght. Huyu alitoka chama cha watu wanaopenda nyumba za zamani, hasa zile wasizoishi. Alikuwa mrefu, amevaa skafu ya sufu, na kila alichokiona alikiita cha ajabu: komeo la mlango la ajabu, ngazi za ajabu, hata ufa wa ajabu. Aliomba ruhusa akwangue chokaa kidogo, aone kilichoko chini kabla nyumba haijaangushwa.

"Akwangue," akasema Honor, aliyependa sauti ya mgeni. "Asimwumize tu."

Alianza na ndege mmoja pembeni. Akamlowesha, akamkwangua kwa kijiti na kisu chembamba, na ilipofika saa ya chai kiazi kilikuwa na manyoya, jicho, na mdomo uliofunguliwa wazi kama ndege anayelia. Dympna alisimama chini yake na kikombe mkononi. Hakujua kama alikuwa anajisikia furaha au aibu. Miaka yote ile alikuwa anamziba mdomo ndege huyo kwa brashi, akiimba.

Kisha Bwana Lysaght akasogeza ngazi katikati. Honor alikuwa amesinzia. Mchana ulipokaribia kwisha, mtu yule alishuka na chokaa nyusini, akamshika Dympna kiwiko na kumtoa nje, mpaka juu ya ngazi kuu.

"Bi Kinsella, yule si Bikira Maria."

"Ni nani basi?"

"Ni Venus! Mungu wa mapenzi wa Warumi wa kale. Chini ya lile joho la buluu hana kitu. Hana kabisa! Na yule mliyemwita malaika ni mwanawe, ana upinde. Bega lile, Bi Kinsella! Fundi aliyelichonga alikuwa na mikono ya ajabu."

Dympna aliangalia ngazi zinavyoteremka. Kitu cha kwanza alichofikiri hakikuwa kufuru wala aibu. Alifikiria bomba la maji ya moto.

"Umemwambia mama?"

"Sikuthubutu. Amelala."

"Usimwambie. Hilo niachie mimi."

Hivyo ndivyo alivyobebeshwa mzigo mwingine juu ya ndoo. Jumanne jioni aliubeba, Jumatano akaubeba kwenda ofisini na kurudi. Neno moja tu lilitosha. Kama Bibi si Bibi, mama yake angebaki kwa ajili ya nini? Angekwenda Ballymun siku hiyo hiyo, tena kwa hasira. Lakini kila alipofungua mdomo, alimwona mama yake ameinua uso kwenye doa la buluu, kitu pekee alichoweza kukiona chumbani, midomo inatembea na rozari inapita vidoleni. Mtu unamnyang'anyaje mzee asiyeona kitu anachokiona? Akaufunga mdomo, akashusha maji machafu.

Cissie Tallon hakuwa na dhamiri ya namna hiyo. Alipanda Alhamisi kuazima kamba, akanong'onezewa siri na Dympna, akatazama juu, akaona bega lisilo na nguo, na zaidi ya bega.

"Yesu, Maria na Yosefu! Na mimi nilimwomba huyo amfanye mume wangu aache pombe!"

"Punguza sauti. Si aliacha?"

"Aliacha. Alikufa." Cissie akafanya ishara ya msalaba, akasita, hajui amfanyie nani. Kisha akamvuta Dympna mpaka mlangoni. "Mwambie, shoga. Kesho ndiyo Ijumaa. Mungu atakusamehe, yeye kazi yake hiyo. Magoti yako hayatakusamehe."

"Atavunjika moyo, Cissie."

"Na wewe utavunjika nini? Unataka kulala hosteli, chumba kimoja na walevi, mama yako kule kwenye nyumba ya maskini anageuzwa kama godoro? Hebu jionee huruma."

Dympna alichukua ndoo, akashuka.

Alikuwa ameshapanda karibu ngazi zote, ndoo imejaa, pale mguu ulipokosa ngazi iliyolegea. Hakuanguka vibaya. Alikaa tu, kwa kishindo, na ndoo ikamponyoka. Maji yakateremka ngazi pana za mbunge, yakazunguka kona, yakaendelea kushuka, na ndoo nyuma yake ikigonga kila daraja mpaka chini kabisa, ambako ilijizungusha na kunyamaza. Dympna alibaki amekaa, sketi imelowa. Hakulia. Alijiuliza ni nani atakayeshuka kuichukua ile ndoo, akangoja kidogo, kana kwamba labda mtu mwingine angejitokeza. Kisha akashuka kuichukua yeye, akajaza tena, akapanda tena.

Aliingia chumbani akaiweka ndoo chini. Alimtazama mama yake, na kwa muda mfupi akamchukia kabisa, mzee yule amelala pakavu na shanga zake.

"Mama, huyo si Bikira Maria."

Rozari ikasimama.

"Bwana Lysaght amemkwangua. Ni mungu wa kipagani, anaitwa Venus. Yuko uchi. Tumepiga magoti miaka yote chini ya mwanamke aliye uchi. Basi. Nimesema. Sasa hakuna cha kukufanya ubaki humu, na kesho mchana nataka twende, mama, nimechoka. Nimechoka mpaka nasikia aibu."

Nje gari la takataka lilipita, na ukuta ukajigeuza.

"Amechukua muda gani kugundua?"

"Mchana mmoja."

"Mwerevu," akasema Honor. "Padri Scully alikufa bila kugundua."

Dympna akakaa kwenye kiti, pamoja na sketi yake iliyolowa.

"Ulijua?"

"Nani alimvisha, unadhani? Wewe ulizaliwa kabla ya miezi yako, mdogo hivi, umebadilika rangi. Akaitwa padri akubatize hapa hapa kabla hujatuponyoka. Mimi nimelala hapa nimechoka hoi, natazama juu, namwona yule amesimama kama alivyozaliwa. Nikamwambia baba yako, Mattie, padri anakuja, mfunike yule mwanamke! Naye akafunga brashi kwenye ufagio, akachanganya chokaa na buluu ya kufulia, hiyo ndiyo iliyokuwepo. Alikuwa hajamaliza miguu padri akaingia. Akatazama juu. Akasema, ah, mna Mama Bikira mzuri sana humu ndani. Akapiga goti." Honor akakohoa kicheko. "Ningemwambia nini mimi? Padri, inuka, huyo ni malaya wa Kirumi? Wewe ukapona. Yeye akatangaza kanisani kwamba ni Bibi wa darini ndiye aliyekuponya. Jumapili ileile ngazi zilijaa watu mpaka barabarani."

"Na wewe ukaamini?"

"Nilizoea. Alikuwa mwanamke, alikuwa hapo juu, hakuwa na haraka. Nikimwambia jambo hakwenda kulisema kwa jirani."

Dympna alikuwa anahesabu kitu kichwani, na hakupenda jibu lilikokuwa linaelekea.

"Mwaka wa thelathini na nane," akasema polepole, "manispaa ilitupatia nyumba kule Crumlin. Nyumba nzima, mama. Bustani, bomba ndani. Ukakataa. Ulimwambia yule mtu wao humwachi Bibi."

"Ndiyo, nilisema."

"Kwa nini?"

"Kwa nini!" Honor akainua kichwa kwenye mto kama aliyetukanwa. "Kwa ajili yako, mtoto wewe! Yule mchumba wako Fergal alikuwa ameshakwenda Uingereza, hakuandika hata kadi. Ulikuwa huli, husemi na mtu. Ikifika Mei tu ndipo unapanda kule juu unaimba. Nikasema, huyu hana kitu kingine duniani ila yule mdoli wa chokaa. Nimtoe hapa akafe kwa huzuni Crumlin? Na juzi nimemwambia yule mwenye mafua hivyo hivyo. Ulipanda Mei hii, na umri huo, na kizunguzungu juu, nilikusikia ulivyonyamaza ghafla. Nikasema, bado anamhitaji."

"Nilikuwa napanda kwa ajili yako."

"Ati nini?"

"Kwa ajili yako, mama! Mimi sikuwahi kumpenda. Shingo inaniuma kila Mei mpaka Agosti. Niliimba ili wewe ufurahi."

Maji kwenye ndoo yalikuwa yametulia. Hasira ilimpanda Dympna, ikatafuta mtu wa kumwangukia, na hapakuwa na mtu. Miaka ishirini na tisa ya ndoo tangu Crumlin, ngazi juu na ngazi chini, kila mmoja amekaa kwa ajili ya mwenzake, chini ya mwanamke asiyemhusu hata mmoja wao. Magoti yale mawili yangeweza kuwa magoti ya mtu mwingine.

"Kwa nini hukusema?" akauliza.

"Na wewe kwa nini hukusema?"

Honor akanyoosha mkono hewani, ukatafutatafuta, ukakutana na sketi iliyolowa.

"Umelowa," akasema. "Umeanguka?"

"Nilimwaga."

"Nilisikia ndoo." Mkono ukabaki pale pale. "Kachukue hizo funguo za Ballymun, mwanangu. Lakini nikifa kule mwambie Cissie asicheke nitakapokuwa nimesimama kwenye lifti."

Ijumaa walimshusha Honor kwa kiti, vijana wawili wa manispaa, na ngazi zilikuwa pana kiasi kwamba hakuna aliyelazimika kugeuka upande. Honor alijifunika shali yake bora akawaelekeza njia yote, ingawa hakuwa anaona kitu. Bwana Lysaght alikuwa tayari na mafundi wake juu. Walikuwa wanakata dari kumzunguka Bibi kwa misumeno myembamba, wamtoe mzima, wamlaze kwenye kasha la majani makavu na kumpeleka chumba fulani cha makumbusho. Alikuja mbio mpaka mlangoni kumuaga mzee, akaahidi kwamba wataondoa buluu yote, mpaka awe kama fundi alivyomwacha.

"Uchi?" akauliza Honor.

"Ee, uchi, mama."

"Na baridi hii! Watu wa ajabu nyinyi."

Fleti ilikuwa ghorofa ya nane. Ilinuka rangi mpya, na upepo ulipiga madirisha kutoka pande zote kwa sababu hapakuwa na kitu cha kuuzuia mpaka milimani. Dari ilikuwa chini, nyeupe, tambarare, bila hata ufa. Honor alilala ameitazama muda mrefu, kisha akasema haina maneno mengi, na akalala usingizi. Dympna alipanga vyombo viwili vitatu, akakaa kitandani akiwa bado na koti, na usingizi ukamchukua akiwa hivyo.

Asubuhi aliamka kukiwa bado kiza kidogo, akavaa viatu, akachukua ndoo nyuma ya mlango, akatoka. Alifika mpaka kwenye lifti. Alibonyeza kitufe, mlango ukafunguka, akakiona kile chumba kidogo cha bati, akaona kweli jeneza halingelala humo. Ndipo akaona na ndoo mkononi mwake. Alisimama pale huku mlango ukijifunga na kujifungua, na sasa, ambapo hapakuwa na mtu wala ulazima, akalia.

Aliporudi, Honor alikuwa macho.

"Ulikwenda na ndoo," akasema.

"Nilisahau."

"Nilikusikia. Nikasema nikikuita utaona haya." Akangoja kidogo. "Fungua basi hilo bomba, nilisikie na mimi."

Dympna akaingia jikoni, akafungua. Kwanza bomba lilikohoa, likatoa maji baridi, kisha vuguvugu, kisha ya moto, mpaka dirisha likafanya ukungu. Aliweka mikono yote miwili chini yake, mikono ile yenye nyufa za sabuni ya kampuni ya bima. Alipoona sinki linajaa akashika koki ili afunge, kwa mazoea ya mtu ambaye kila tone alilipandisha mwenyewe.

"Usifunge," mama yake akaita kutoka chumbani. "Yaache yaende. Hayo ni ya mwaka wa thelathini na nane."

Dympna akayaacha.